Gari yangu ya kwanza ilikuwa na masharti kama dawa ya mganga

Kuna watu ukiwauliza habari za gari yao ya kwanza wanakutajia aina na rangi basi wamemaliza. Mimi ukiniuliza vuta kiti kabisa, maana ile haikuwa gari ya kutaja aina na kupita, ilikuwa gari yenye masharti, ukiyafuata mnaelewana na ukiyakiuka usije ukamlaumu mtu.

Ilikuwa Volkswagen Beetle ya mwaka 1970, ile ya injini ya cc 1300 hivi, bluu iliyopauka mpaka juu ya boneti ikawa inaelekea nyeupe. Niliinunua 2003. Mimi nina miaka 24 yeye ana 33, kwa hiyo kiutaratibu nilitakiwa niwe namwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kuwasha. Dada yangu alipoiona tu akaiita Bi Mkubwa na jina likaganda hapo hapo, ingawa watoto wa jirani waliendelea kuiita kobe na sikuwalaumu, maana ukiitazama kwa nyuma ni kobe kweli.

Mwaka huo huo ndo Volkswagen wakaacha kuitengeneza. Ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na hapo walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 21 za umbo lile lile alilolibuni Ferdinand Porsche miaka ya 1930. Habari hiyo niliisoma nikiwa nimeegemea hiyo hiyo gari nasubiri injini ipoe, nikajisikia kama mtu aliyeoa leo afu kesho anasikia wakwe wamefunga nyumba wamehama.

Sasa siku ya kuichukua. Hela nilikuwa nimezidunduliza miaka miwili na nusu, na zilizopelea nikakopeshwa na mjomba (mtamsikia huko mbele, ana kesi yake). Mwenye gari alikuwa mzee mstaafu, mtu wa maneno machache sana. Akanikabidhi ufunguo, akanikabidhi na boksi la viatu limejaa washa, vile vyuma vidogo vya mviringo vyembamba vyenye tundu katikati, akasema, "Hizo washa usizitupe." Sikuuliza ni za nini, nikaitikia tu ndiyo mzee. Akaniuliza, "Kuendesha unajua?" Nikamwambia ndiyo mzee, leseni ninayo. Na kweli leseni nilikuwa nayo.

Gari ilikuwa imepakiwa pua imeelekea ukutani. Nikakaa, nikavuta siti, nikawasha, sauti ikatoka nyuma badala ya mbele nikajikuta nimegeuka kuangalia nani anakuja. Nikakanyaga klachi nikaanza kutafuta rivasi. Namba moja naipata, mbili naipata, tatu, nne, zote zipo, rivasi hamna. Na kila nikijaribu nikaachia klachi kidogo gari inasogea mbele, nazima haraka najifanya narekebisha kioo cha pembeni, nawasha tena. Ikafika mahali kati ya bampa na ukuta pamebaki kama upana wa kiganja na jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Yule mzee kasimama mlangoni kwake mikono nyuma anatazama tu, na mpaka leo naamini alikuwa anafurahi. Mwisho akaja taratibu akainama dirishani, "Kijana, rivasi inabonyezwa." Yaani ile gia unaikandamiza chini kwanza kama unataka kuizamisha kwenye sakafu, ndo unaipeleka kushoto, ndo unairudisha nyuma. Nikakandamiza. Klop. Ikaingia kama vile ilikuwa inangoja kuombwa kwa adabu.

Ningekuwa na akili ningezima gari pale pale nikamwomba aniambie na mengine yote. Lakini ujana bwana, nikapiga honi nikaondoka.

Wiki ya kwanza nzima niliamini nimeuziwa gari yenye mlango mbovu. Ukiufunga unarudi, ukiubamiza unarudi, marafiki zangu kila mmoja akishuka anaubamiza mara tatu nne na kila mtu ana ushauri wake, mmoja grisi, mwingine anasema bawaba zimeshuka. Nikampelekea fundi. Akautazama ule mlango, akanitazama mimi, hakushika hata spana. Akashusha kioo cha upande wa pili vidole viwili tu, halafu akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Pap. Ukafunga. Kumbe ile bodi imezibwa vizuri mno, ukiwa umepandisha vioo vyote hewa ya ndani haina pa kutokea, unafunga mlango huku hewa inausukuma urudi. Gari ya miaka 33 haijavuja hewa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei za bawaba.

Huyo fundi nimweleze kidogo. Mzee mwembamba, mfupi, ana kitambaa begani ambacho sikuwahi kukiona kisafi hata siku moja. Mashine ya kupima hana. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, na ukimsemesha wakati huo hakujibu. Anahamisha ncha, anasikiliza tena. Halafu anafungua macho anasema kitu kama, "Namba tatu analalamika." Ukimuuliza kwanini namba tatu kila siku anakujibu ndo alivyoumbwa. Nikaja kuelewa baadaye kabisa kwamba kwenye injini zile kipozeo cha oili kimekaa ndani ya lile bati kubwa la feni, na kinaziba njia ya upepo unaokwenda kwenye silinda namba tatu, basi huyo siku zote anapata joto kuliko wenzake watatu na valvu yake ndo inaungua mwanzo. Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi, ndo alivyoumbwa.

Kila kilomita 5,000 ilikuwa lazima valvu zipimwe, na zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo unaamka alfajiri unaisukuma gari mpaka kwa fundi, huruhusiwi kuiwasha. Kwa bahati nzuri ina kilo kama 800 tu, watu wawili mnaisukuma mnapiga stori. Oili lita 2 na nusu, filta ya karatasi hamna, kuna kiwavu tu chini unakitoa unakiosha unakirudisha. Mara ya tatu fundi akanipa fila geji mkononi akaniambia leo fanya wewe, yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kile kibati chembamba kama karatasi unakipitisha katikati ya skrubu na valvu, kinatakiwa kipite kwa kujikwaruza kidogo, kikipita kirahisi umelegeza na kikikataa umekaza. Huo mkwaruzo huwezi kumweleza mtu. Nilirudia silinda moja mpaka miguu ikafa ganzi, fundi akaja akapitisha kibati chake mara moja akasema haya twende ya pili. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani wa taifa.

(Nikafunga vifuniko vya valvu mwenyewe pia, gasketi ya upande mmoja ikakaa vibaya, oili ikawa inadondokea kwenye ekzosi ya moto na kwa sababu hita ya ile gari inachukua joto lake huko huko kwenye ekzosi, moshi wote wa oili ukawa unaletwa ndani kwangu miguuni. Siku mbili nilinuka kama kikaango. Mtihani wa taifa nimefaulu ila kwa alama za chini.)

Na kwa kuwa nimeshaitaja hiyo hita. Ina vishikio pembeni ya hendibreki, unavuta unafungua unarudisha unafunga. Yangu waya wake ulikwama ikiwa imefunguka kidogo, jua kali utosini na miguu inapulizwa hewa ya moto. Niliishi hivyo miezi mitatu. Sikumbuki kwanini sikuitengeneza mapema, nadhani nilichukulia ndo masharti.

Mwendo usiniulize. Farasi 40 na ushee, mlima ukiwa wa maana unaanza na namba tatu, unakuja mbili, halafu unainama mbele kuisaidia kwa mwili. Malori yalinipita. Basi la abiria moja liliwahi kunipita na kondakta akanipungia mkono kwa huruma kabisa. Lakini mteremkoni, dirisha liko wazi, yale mabomba mawili ya ekzosi huko nyuma yanapiga kamluzi kake, we acha tu. Dada alikuwa anajua nakuja nikiwa bado kona mbili huko, anakwenda kufungua geti kabla sijapiga honi.

Sasa nije kwenye siku ya belti, ambayo kwangu ndo siku Bi Mkubwa aliponikubali rasmi.

Nilikuwa narudi safari, jua linakaribia kuzama, barabara tupu, mara nikasikia tap! huko nyuma na hapo hapo taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Kwenye gari za wenzetu mara nyingi hiyo taa ni habari ya chaji tu, unajikongoja nayo mpaka nyumbani kesho unamwita fundi umeme. Kwenye ile gari hapana. Injini haina maji hata tone, inapozwa na upepo wa feni, feni inazungushwa na dainamo, na dainamo inazungushwa na belti, kwa hiyo belti ikikatika vimekufa vyote kwa pamoja na una dakika chache sana kabla injini haijajipika. Fundi alishanikaririsha: taa nyekundu, zima, usijadiliane nayo. Nikazima nikaiacha itambae mpaka pembeni.

Nikiwa bado nazunguka zunguka pale wakatokea vijana wawili na dumu la maji. Walikuwa wameniona kwa mbali wakajua imechemsha, wakaja kunisaidia bila hata kuitwa. Mmoja akasema kaka fungua boneti. Mimi nimechoka, nina njaa, nimekasirika, na nikajiona nahitaji kucheka kidogo, basi nikaingia ndani nikavuta kile kishikio kilichomo kwenye droo ya dashibodi, boneti ya mbele ikafunguka. Wakachungulia. Kuna spea tairi, jeki, na viatu vyangu vya kazini. Kimya. Yule mkubwa akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa kama mtu anayetoa pole msibani, "Kaka, injini waliitoa lini?"

Nikawapeleka nyuma. Wakatafuta rejeta pale mpaka wakachoka, sasa maji tunaweka wapi, nikawaambia hamna pa kuweka, wakatazamana. Basi yule mdogo akanawa uso kwa yale maji, akachukua tochi akaja kunimulikia.

Belti ya akiba nilikuwa nayo, fundi alikataa kabisa nisafiri bila hiyo. Kazi ni kuivalisha. Puli ya dainamo, kile kigurudumu kinachobeba belti, imegawanyika vipande viwili, kama sahani mbili zilizogusana migongo, na belti inakaa pale zinapokutana. Kukaza na kulegeza hakuna bolti ya kuvuta kama kwenye gari nyingine, ni washa tu: ukiziweka nyingi katikati ya zile sahani mbili zinaachana na belti inazama inalegea, ukizitoa katikati ukazihamishia nje chini ya nati sahani zinasogeleana na belti inapanda juu inakaza. Nikafungua nati, bisibisi nimeichomeka kwenye kijino cha puli ili isizunguke, spana namba 21, mkono unateleza kwa grisi. Nikavalisha belti mpya. Imekaza kama uzi wa gita. Natakiwa niongeze washa katikati, nikahesabu zilizopo, hazitoshi, huko nyuma kuna mtu alishazipoteza.

Nilikaa chini pale pale barabarani. Kweli nilikaa. Halafu nikakumbuka boksi la viatu.

Lilikuwa chini ya siti ya mbele, sikuwahi kulifungua tangu siku ile. Yule mdogo akamulika ndani, na mzee wa watu alikuwa amezipanga kwa uzi, kumi kumi, zimepakwa oili zisishike kutu. Nikachukua mbili. Nikafunga, nikabonyeza belti kwa kidole gumba, inatakiwa izame kama sentimita 1 na nusu hivi, ikagoma. Nikafungua nikaongeza moja. Nikafunga. Nikabonyeza. Ikazama vizuri. Nikawasha na taa nyekundu ikazimika, na yule kijana wa dumu alishangilia kuliko mimi mwenye gari. Niliwapa lifti mpaka kwao, njia nzima wanageuka kuangalia nyuma ambako injini inanguruma mgongoni mwao, na walipokuwa wanashuka mlango ukawagomea, nikawaambia ngoja kwanza nishushe kioo.

Mjomba sasa. Mjomba kwa sababu alichangia hela alijihesabu ana hisa, na mwenye hisa hakai mbele na dereva, anakaa nyuma kama waziri. Tatizo gari yenyewe ina milango miwili tu, kwa hiyo waziri kabla hajawa waziri inabidi siti ya mbele ilazwe, yeye ainame, apite kwa ubavu na tumbo lake. Mjomba ni mtu mwenye mwili. Na hakujua, wala mimi sikulifikiria, kwamba betri ya ile gari inakaa chini ya siti ya nyuma, na kile kifuniko chake cha kuikinga kilishapotea kabla sijazaliwa labda. Abiria mwepesi hamna shida. Abiria kama mjomba, springi za siti zinashuka zinalalia vichwa vya betri, chuma na chuma.

Tumekwenda kama kilomita mbili. Mjomba akaanza kunusa. "Kuna watu wanachoma takataka huko nje, pandisha kioo." Nikapandisha. Harufu ikazidi. Akaanza kunieleza ubaya wa kuchoma takataka ovyo, na ndo yuko katikati ya hotuba nikaona kwenye kioo cha kati moshi unapanda taratibu kutokea katikati ya miguu yake. Nikasema mjomba usishtuke. Msiwahi kumwambia mtu asishtuke. Sijawahi kuona mtu mzima akipita kwenye tundu lile kwa kasi ile, hakungoja siti ilazwe, alipita juu. Nikang'oa siti, manyoya ya ndani yanafuka, nikayazima kwa mchanga na kwa kiatu. Hasara ilikuwa ndogo, tundu la ukubwa wa sahani kwenye siti na suruali ya mjomba. Fundi akaja akakata kipande cha tyubu kuukuu akaifunika betri, ikawa imeisha. Ila mjomba hadi leo, ni mtu mzima ana wajukuu, akipewa lifti kwenye gari yoyote ile, hata iwe imetoka dukani jana, kabla hajakaa anauliza, "Betri ya hii iko wapi?"

Kuna na habari ya maji ya kuoshea kioo ambayo watu wanadhani nawatania. Ile gari haina pampu ya kurusha maji kwenye kioo cha mbele. Kile kichupa cha maji kimeungwa kwa mpira na spea tairi, upepo wa tairi ndo unasukuma maji. Kuna kivalvu kinatakiwa kizuie tairi isiishe upepo kabisa, changu kilishakufa. Siku moja nimesafiri kwenye tope, nimeosha kioo nimeosha nimeosha, kioo kinang'aa, nikapata pancha, nikatoa spea, imelala kama chapati. Yaani tairi yangu ya akiba nilikuwa nimeimaliza kwa kuoshea kioo.

Betri ikichoka ilikuwa ni kupaki mteremkoni. Nilikuwa najua miteremko yote ya mji kuliko mtu yeyote, nikialikwa mahali siulizi ni wapi, nauliza pana mteremko? Pakiwa tambarare dada ndo alikuwa stata yangu. Anasukuma na viatu vya kazini, mimi nimeweka namba mbili klachi chini, ikichangamka naachia, inashtuka, inawaka, na sharti lake ni kwamba ikishawaka sisimami, kwa hiyo yeye anakimbia pembeni anafungua mlango anaruka ndani. Alikuwa na ufundi wake huo, hakuwahi kukosea. Siku ya harusi yake katika hotuba nilitaja hilo na hakunisemesha siku nne.

Lakini kama ni kuchagua siku moja tu niirudie, nisingechagua ya belti wala ya mjomba, ningechagua ya baba. Baba hakuwahi kuwa na gari. Alikuwa ameipinga pia, alisema gari imenizidi umri itanisumbua (hakukosea). Miezi sita hakupanda. Halafu siku moja alikuwa na safari ya kwenda kumwona mgonjwa, akatoka amevaa, akasimama kando ya gari, hakusema kitu, nikaelewa nikamfungulia. Akakaa mbele. Kwenye dashibodi upande wa abiria kuna kile kishikio cha kujishikilia, akakishika kwa mkono mmoja, na saa nzima hakukiachia, hata tukiwa tumesimama kwenye taa. Hatukuongea sana. Kwenye mlima nikaja namba tatu, nikaja mbili, nikainama mbele kama kawaida yangu, na kwa pembeni nikaona na baba naye ameinama mbele.

Tulipofika akakiachia kile kishikio, akapiga piga dashibodi mara mbili kama unavyompiga ng'ombe mgongoni, akasema, "Inajitahidi." Akashuka. Tangu siku hiyo akinipigia simu anaanza, "Bi Mkubwa hajambo?" Mimi nafuata baadaye.

Niliiuza mwaka 2010. Mtoto alikuwa njiani na mama watoto akanionyesha kwa vitendo, na tumbo la miezi minane, namna mtu anavyotakiwa kupita kwenda kukaa siti ya nyuma, na sikuwa na la kujibu. Wanunuzi walikuja kadhaa, wengine wanataka kuikata waichukue injini tu, hao sikuwafungulia hata geti. Mwisho akaja kijana mmoja aliyeizunguka mara moja kimya kimya, akapiga magoti nyuma kabisa akaanza kusikiliza yale mabomba mawili. Bei tulimaliza haraka, nadhani nilimpunguzia zaidi ya alivyoomba.

Usiku kabla hajaja kuichukua niliandika masharti yote kwenye karatasi. Zilijaa kurasa mbili. Mteremko, taa nyekundu, valvu na baridi, silinda namba tatu, spea na maji ya kioo, mtu mzito asikae juu ya betri. Asubuhi nikampa karatasi, nikampa na boksi la viatu, nikamwambia hizo washa usizitupe. Akauliza za nini. Nikamwambia utajua tu. Akakaa, akakandamiza gia chini, kushoto, nyuma, klop, mara ya kwanza bila kufundishwa, na nakiri niliumia kidogo. Nilisimama getini mikono nyuma mpaka ule mluzi ukapotea.

Saa mbili usiku simu ikaita. Ni yeye, sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu. "Samahani kaka, gari imefika salama, inakwenda vizuri tu, ila mlango wa dereva naona umeharibika. Nimeufunga kama mara kumi, unarudi."

Kurasa mbili nzima na hilo nimelisahau. Nikamuuliza umepandisha vioo vyote? Akasema ndiyo, vyote. Nikamwambia shusha kimoja vidole viwili. Nikasikia anazungusha kile kikono cha kioo, halafu kimya kidogo, halafu pap.

"Aah," akasema. Nikamsikia anaufungua tena, na anaufunga tena.